Msalaba wa Ukuti

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani viligongana, na kijiji kizima kilikuwa kwenye mfungo, wao kwa upande wao na mimi kwa upande wangu. Wakristo pale Wambaa tulikuwa wawili, mimi na mume wangu, na mume wangu alikuwa Kiuyu, kaskazini kabisa mwa kisiwa, akijenga skuli ya serikali. Kwa hiyo kusema kweli Mkristo alikuwa mmoja, naye alikuwa na mimba ya miezi sita.

Mume wangu alikuwa fundi mwashi. Tulitoka kwetu Bonde tukavuka maji kwa sababu kazi ilikuwa Pemba, na miezi ya mwanzo tulikaa pamoja pale kijijini alipokuwa akijenga nyumba ya mwalimu. Nyumba ilipoezekwa, wakubwa wake wakamhamishia Kiuyu. Huko mafundi walilala wengi chumba kimoja, hapakuwa na mahali pa mwanamke. Tukakubaliana nibaki, naye aje kila mwisho wa mwezi, na mwezi wangu ukikaribia aje anichukue anipeleke mjini Chake nikae karibu na hospitali.

Sifichi kilichokuwa moyoni mwangu. Nilitaka mtoto huyu aishi. Wa kwanza nilimzaa kwetu, akapumua siku mbili, siku ya tatu nikaamka nikamkuta amepoa. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Tangu hapo nilikuwa mtu wa kushtuka. Mlango ukilia nashtuka, kuku akiruka nashtuka, na juu ya hayo watu wa kwetu walikuwa wamenijaza masimulizi ya Pemba kabla sijapanda hata chombo. Ungewasikia ungedhani kisiwa kile hakina watu, kina wachawi tu.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya mama mjane, nami nikimwita Bi Mkubwa kama wote walivyomwita. Yeye alikaa nyumba ya mbele. Kati yetu palikuwa na kishamba cha muhogo na njia nyembamba, mbali kiasi cha mtu kuita akasikika. Alizaa wanane, akazika watatu, na waliobaki walikuwa wametawanyika Unguja na Tanga. Kazi yake ilikuwa makumbi. Aliyazika makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, yakakaa miezi mpaka yakaoza, kisha akayafukua na kuyapiga kwa gongo mpaka zikabaki nyuzi tupu, na nyuzi zile akazisokota kamba. Alijaribu kunifundisha. Kamba yangu ikatoka na vinundu hapa na pale, akaishika kwa vidole viwili, akaitazama.

"Kamba hii," akasema, "mbuzi akifungwa nayo ataona haya."

Nilimpenda. Kila alipopika kitu cha kueleweka aliniletea sahani, na mimi sikuirudisha tupu. Dini yangu aliijua tangu siku ya kwanza. Aliniuliza jambo moja tu.

"Nyie nguruwe mwala?"

Nikamwambia hapa Wambaa nguruwe nitamtoa wapi.

"Basi hapana taabu," akasema, akaingia ndani akakaa.

Jumapili ya Mitende nilipanda lori la abiria nikaenda Chake. Padri alikuwa akija kutoka Unguja mara chache kwa mwaka, na siku hizo Wakristo wa kisiwa walikusanyika katika chumba cha sala: askari polisi na wake zao, watu wa hospitali, wachumaji karafuu wachache wa kutoka bara waliokuwa hawajarudi makwao. Nilisali nikilia, wala haikuwa toba. Ilikuwa furaha ya kusikia watu wengi kwa pamoja wakiyasema maneno ninayoyajua. Tulisuka misalaba midogo ya ukuti wa mnazi, padri akaibariki. Nikaomba na maji ya baraka, nikajaziwa kichupa cha dawa.

Kwetu Bonde kila nyumba ya Kikristo ilikuwa na msalaba wa ukuti juu ya mlango, ukakaa pale ukinyauka mwaka mzima mpaka Kwaresima nyingine, ukachomwa kuwa majivu. Nyumba moja, msalaba mmoja. Lakini mimi nilikuwa na woga wa misalaba mitatu, na mitatu niliisuka. Mmoja nikaufunga juu ya mlango. Wa pili dirishani, upande wa kitanda. Wa tatu nikaufunga kwenye kijiti nikakisimika njiani, pale muhogo unapoanzia, kwa hesabu zangu kwamba balaa likija litakuja kwa njia kama mtu mwingine yeyote. Uzi niliokuwa nao ulikuwa mwekundu, uliobaki nilipodarizi foronya. Kile kichupa cha maji nilikitundika chini ya msalaba wa mlangoni kwa uzi ule ule, maana ndani hapakuwa na rafu na panya walikuwa wakiangusha kila kitu.

Nikarudi nyuma nikatazama kazi yangu. Nilipendezwa. Nilijisikia kama mtu aliyezungushiwa ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu mume wangu aondoke nililala bila kuamka.

Na hapa lazima niseme jambo linalonitia aibu. Mashamba yale ya watu nilikuwa nimeyapita mara nyingi. Nilikuwa nimeona vichupa vimening'inizwa kwenye mikarafuu, na mafungu ya majani yaliyofungwa kwa kitambaa chekundu kwenye migomba. Mume wangu aliniambia ni kago, ndiyo kinga yao ya mali. Mtu akilipita kago la mwenzake bila ruhusa huvimba tumbo akafa, isipokuwa mwenye kago amfungulie. Nilicheka sana. Niliwaonea huruma watu wanaoweka imani yao kwenye chupa na jani. Haya niliyajua, na bado nilitundika chupa na jani mlangoni pangu kwa uzi mwekundu, nikaenda kulala.

Asubuhi yake Bi Mkubwa alifika mpaka kwenye muhogo akasimama. Akaniuliza hali kutoka pale pale. Nikamkaribisha. Akasema ana makumbi yanamngoja, akageuka. Siku ya pili ikawa vile vile, na ya tatu. Neno la hodi sikulisikia tena. Wanawake waliokuwa wakikata kwangu kwenda kisimani wakaanza kuzunguka nyuma, kwenye migomba, njia ndefu na yenye matope. Tukikutana kisimani walinisalimu vizuri, tena kwa adabu kuliko mwanzo, lakini walinipisha nichote kwanza kama mtu anayempisha mgonjwa.

Nilijiambia ni saumu, watu wamechoka. Saumu ikaendelea, nikajiambia ni siasa. Siku zile mambo ya vyama yalikuwa yameanza kuwatenga watu, na mtu wa bara alitazamwa kwa jicho jingine. Nilijieleza kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa kikining'inia juu ya kichwa changu kila nikitoka na kuingia.

Idi ikafika. Nilijua watoto huzunguka nyumba kwa nyumba wakiwa na nguo mpya kuomba sikukuu, kwa hiyo tangu asubuhi nilikaanga vitumbua bakuli zima, nikavaa gauni langu zuri lililokuwa bado linanitosha, nikakaa barazani. Wakaja, kundi zima, wasichana na hina zao na wavulana na kofia. Wakafika kwenye kijiti changu, wakasimama. Mmoja wa wakubwa akawashika wadogo mikono. Wakanipungia kwa heshima zote, wakageuka wakaenda nyumba nyingine. Nilivila vitumbua vile siku tatu, asubuhi na jioni, na cha mwisho kilikuwa kimechacha.

Mchana wa Idi ile ile Bi Mkubwa aliniletea pilau. Hakuifikisha. Aliiweka juu ya gogo la mnazi ng'ambo ya muhogo, ameifunika kwa kawa, akaniita, akanionyesha kwa kidole, akarudi kwake. Nilisimama mlangoni nikaitazama sahani ile. Damu ilinichemka. Mbwa ndiye anayewekewa chakula mbali. Sikwenda kuichukua. Ilikaa pale mpaka kunguru wakaisukuma kawa wakala, na kuku wakamalizia, na yeye alikuwa kibarazani kwake akiona. Jioni alikuja akaichukua sahani yake. Haikuja nyingine.

Basi nikabaki na Mungu. Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu sikuwa na mwingine wa kuzungumza naye, na mdomo wa mtu haukai bure. Kengele sikuwa nayo, nikawa nafuata adhana: wao wakiitwa, na mimi najiita. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikasema sala zangu kwa sauti, sehemu ya padri nikaisema mimi na sehemu ya watu nikaisema mimi. Mwanzoni niliona upuuzi, nikazoea. Zaidi ya sala nilimsimulia tu. Nilimwambia muhogo umeliwa na panya, nilimwambia mgongo unaniuma, nilimshtakia Bi Mkubwa kila siku kama mke mwenza.

Na nilipata faraja, sitaki mtu adhani sikupata. Kuna mchana mmoja mvua ya masika ilikuwa ikipiga makuti, nikiwa nimekaa kitandani na upweke wangu, na katikati ya zaburi niliyofundishwa na mama yangu mtoto akageuka tumboni, polepole, upande mmoja mpaka mwingine. Nilihisi wazi kwamba mle chumbani kuna anayetutazama sote wawili na wala hana haraka. Haikudumu. Lakini niliishi kwa mchana ule wiki nyingi, na hata leo nikiwa na shida huurudia.

Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi nilimweleza jinsi watu walivyonitupa. Akatazama ile misalaba, akasema vizuri, umeikinga nyumba. Akasema watu wameshalishwa maneno ya siasa, hakuna la kufanya. Akataka anihamishe Chake mapema, kuna mke wa askari atanipa nafasi. Nikakataa. Nilimwambia sikimbii mtu, Mungu wangu yupo hapa hapa, na mwezi wangu ukifika nitakwenda kama tulivyopanga. Najua sasa kwamba ile haikuwa imani, ilikuwa hasira imevaa nguo ya imani. Akaniacha, akarudi Kiuyu.

Uchungu ulinishika mwezi mmoja kabla ya wakati, mchana baada ya adhuhuri, mvua ikinyesha. Mwanzoni nilidhani ni muhogo niliokula. Kisha maji yakanitoka nikiwa nimesimama katikati ya chumba, na sikuwa na la kudhani tena. Barabara ya Chake ilikuwa mto. Nilikuwa nimejiapiza kwamba mwanamke yule sitamwita hata nikifa. Nikashika mwimo wa mlango, nikamwita.

Alikuja mbio, kanga moja kichwani, mpaka kwenye kijiti. Pale akasimama kama aliyegonga ukuta.

"Umekuwaje?"

"Mtoto anakuja."

"Mapema hivi?"

"Bi Mkubwa, njoo."

Hakuja. Mvua ilikuwa ikimshuka usoni na hakuifuta. Miguu yake ilikwenda hatua moja upande huu na hatua moja upande ule.

"Lifungue kago lako, mwanangu," akasema, "nipate kupita."

"Kago lipi?"

"Hilo." Akaonyesha kijiti, kisha akaonyesha juu ya kichwa changu. "Na hilo lenye chupa. Mie siwezi kupita mpaka mwenyewe ulifungue."

Uchungu uliachia kidogo, na katika nafasi ile nikaona yote. Njia ya kwenye migomba. Watoto wa Idi na mikono yao ilivyoshikwa. Sahani ya pilau iliyowekwa mahali pa karibu kabisa ambapo mtu angeweza kufika bila kufa. Nilitaka kumwambia si kago, ni msalaba tu, lakini uchungu mwingine ukaja ukanivunja magoti, na kilichotoka mdomoni hakikuwa maneno. Kunyoosha mkono juu ya mlango sikuweza. Nilitambaa mpaka kitandani. Nje nilimsikia akimwita mkunga kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Mkunga alifika. Nilimjua, mama mnene mwenye maneno makali, na sauti yake ilipita mvua bila taabu.

"Mie mwisho wangu hapa," nilimsikia akisema. "Nna wana wadogo. Kago la bara silijui dawa yake."

"Ntoto atakufa mle," akasema Bi Mkubwa.

"Mwambie alifungue."

"Hawezi kusimama."

Nililala nikatazama makuti ya paa, nikamwambia Mungu neno moja, kwamba ameona mwenyewe. Nilikuwa nimejizungushia ulinzi wake pande zote, na sasa mtoto wangu angekufa kwa sababu hakuna mtu awezaye kuupita. Nilimwambia aingie yeye, kwa kuwa watu nimewafungia.

Kisha nikasikia "Bismillahi," si kwa nguvu, na nyayo kwenye matope.

Bi Mkubwa aliingia ameinamisha kichwa, amefumba macho, mkono mmoja umeshika tumbo lake. Alipofika ndani aliyafumbua. Akakung'uta maji mikononi, akapandisha kanga.

"Haya," akasema, "nimekuja. Sasa fanya kazi yako."

Mtoto wangu alipokewa na wanawake wawili, mmoja ndani na mmoja kwenye muhogo chini ya jani la mgomba. Mkunga alipiga kelele kutoka njiani, sukuma sasa, acha sasa, mshike mgongo, na Bi Mkubwa akamjibu kwa kelele kutoka kando yangu, mambo yangu yote ya siri yakasikika mpaka kisimani. Wembe na uzi wa kitovu vilirushwa mlangoni ndani ya kifurushi. Ingekuwa siku nyingine ningecheka.

Mtoto akatoka. Hakulia.

"Kalia?" akauliza mkunga kutoka nje.

Bi Mkubwa alimsugua kwa kanga, akampulizia puani, akamgeuza akampiga mgongoni, huku midomo yake ikienda na dua. Mimi zaburi zangu zote zilinitoka kichwani. Nilisema mlinde, Bwana, mlinde, basi, na yeye akisema yake, na mvua ikipiga, na sikujua ni muda gani ulipita.

"Kalia?"

Na akalia, sauti nyembamba ya kukwaruza, kisha akalia kweli, na kule nje mkunga akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti kubwa kuliko sote. Alikuwa mtoto wa kike.

Nimesikiliza mahubiri mengi tangu siku ile kuhusu jinsi Mungu anavyowalinda walio wake. Wahubiri husema ngome, husema ngao, na mimi husema amina kama wengine. Lakini kwangu mimi neno lile lina sura ya mama wa makamo aliyelowa chepechepe, amefumba macho, anaingia mlangoni.

Jioni ile Bi Mkubwa hakuondoka. Alinipikia uji wa pilipili manga, akanilazimisha kuumaliza. Alifua vitambaa vya damu. Alimwimbia mtoto nyimbo ambazo bila shaka aliwaimbia wanawe wanane. Alitandika mkeka karibu na mlango akajilaza. Mimi nilimshukuru Mungu kwa kunilinda, nikalala usingizi mzito. Kuhusu kago sikumwambia kitu. Nilidhani kwa kuwa amepita na yu mzima, ameshaona mwenyewe kwamba si chochote.

Asubuhi aliondoka alfajiri, akarudi jua limeshapanda, ameoga, amevaa kanga safi. Baadaye mkunga aliniambia kwamba Bi Mkubwa alikwenda nyumbani kwake akazitenga kamba zake mafungu matano, akamwonyesha lipi ni la mwanawe yupi. Mimi wakati ule sikuwa najua. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akamtazama mtoto akinyonya, akangoja mpaka amalize.

"Mwanangu, nna jambo nitakuomba, kama una nguvu."

"Lipi, Bi Mkubwa?"

"Nifungulie kago lako. Tumbo bado halijavimba, lakini kwetu husema huanza siku ya tatu. Kama hufunguliwa kwa maneno, yaseme. Kama ni kwa dawa, nambie jani gani, nitalitafuta mwenyewe."

Nikashindwa hata kukaa vizuri. Nikamweleza, maneno yakigongana. Nikamwambia ile ni alama ya sala yetu, kwetu kila nyumba inayo, na uzi ni mwekundu kwa sababu sikuwa na mwingine, na maji yale ni maji ya kuombewa. Nikamwambia hakuna kinachofunguliwa kwa sababu hakuna kilichofungwa. Hatakufa.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Halidhuru ntu?"

"Halidhuru."

"Hata mwizi?"

"Hata mwizi."

Alikuwa mtu wa kutaka kuelewa kitu.

"Basi lakukinga vipi?"

Nilikuwa nimefundishwa dini tangu nikiwa mdogo, nilikuwa nimejibu maswali mbele ya askofu bila kukosea hata moja. Swali hilo halikuwamo. Mwisho nikasema linanikumbusha kwamba Mungu yupo.

"Mungu yupo," akasema, kama mtu anayekubali kwamba leo ni Jumanne. Pumzi ndefu ikamtoka, mabega yakashuka, na hapo ndipo nilipoona jinsi alivyokuwa ameyabana tangu jana.

"Kwa nini hukuniambia jana?" nikamuuliza. "Ningekueleza jana ile ile."

"Jana ulikuwa wazaa," akasema. "Kisha ulikuwa wanyonyesha. Kisha umelala. Nikuamshe kwa tumbo langu?"

Alisema hivyo bila kunilaumu, akainuka akaanza kukunja mkeka. Nami nikarudi nyuma katika fikra zangu, tangu alipopita chini ya msalaba wangu mpaka asubuhi ile. Aliupika uji ule akijua anakufa. Alifua damu yangu akijua anakufa. Alimwimbia mwanangu, alilala mlangoni pangu usiku mzima akisubiri tumbo lake lianze, na akaniacha nilale kwa kuwa nilikuwa nimechoka. Nilianza kulia na sikuweza kuacha. Aligeuka akanitazama, akaja akaniwekea mkono kifuani, akaniuliza kama ni maziwa yameanza kuuma, nikasema ndiyo.